Msimamizi Aliyekosa Mtu wa Kumi

Kwa Wayahudi, mtu anaweza kumwomba Mungu akiwa peke yake kitandani, jikoni au kituoni akingojea tramu, na Mungu akamsikia vizuri tu. Lakini ziko sala ambazo hazisomwi mpaka wanaume kumi, watu wazima wa dini hiyo, wawe wamekusanyika mahali pamoja. Mojawapo ni Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake aliyefariki. Tisa hawatoshi, hata kama mmoja wao ni mwanachuoni mwenye ndevu za kufagia sakafu. Hapo tajiri ni mmoja na mdeni wake ni mmoja. Mwenye sauti tamu ni mmoja na anayekoroma ni mmoja. Sheria hii ina hekima ndani yake, kwa kuwa inamlazimisha mtu kuwavumilia wenzake tisa. Mzee Rahamim wa Laeken, mjini Brussels, aliijua sheria hiyo kuanzia kichwani mpaka mkiani. Hekima yake ndiyo iliyompita kando.

Rahamim alizaliwa Lubumbashi enzi ambazo mji huo uliitwa Elisabethville, wazazi wake wakiwa wametoka kisiwa cha Rodi. Huko aliuza vipuri vya baiskeli mpaka mambo ya nchi yalipogeuka, akafunga virago akaja Ubelgiji pamoja na wenzake wengi. Walikodi duka lililokuwa la miavuli, wakaweka kabati la vitabu vitakatifu pale palipokuwa na kaunta, wakawa na nyumba yao ndogo ya sala. Waliongea Kifaransa na watoto wao, Kihispania cha kale na wazazi wao, na Kiswahili cha Katanga kila walipotaka kucheka au kugombana. Rahamim alikipenda Kiswahili kuliko wote. Alidai kwamba Kifaransa kina mikono mifupi, hakifiki shavuni mwa mtu.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikaa na ufunguo, aliwasha kipasha joto, aliwapigia watu simu, na zaidi ya yote, ndiye aliyehesabu. Tena si kuhesabu kama unavyohesabu vitunguu sokoni. Kwao ni mwiko kuwahesabu watu kwa namba. Huchukuliwa aya moja ya Zaburi yenye maneno kumi, na kila mtu akapewa neno lake. Aya ikiisha, watu wametimia. Aya ikibaki mkia, wanangoja.

Zamani hakukuwa na haja ya kungoja. Chumba kilijaa mpaka watu wakakalia ngazi, na Rahamim kuona hivyo akaota pembe. "Dix inatosha," alizoea kusema, yaani kumi. "Bengine ni mapambo ya ukuta." Na kwa kuwa mapambo hayana haki ya kukosea, akaanza kuwakosoa watu mmoja mmoja.

Alianza na Behor, rafiki yake tangu utotoni. Behor alikuwa mtu wa kusinzia. Akikaa tu, kidevu kilianguka kifuani na mkoromo ukapanda kama pikipiki inayokataa kuwaka. Siku moja mkoromo huo uliingia katikati ya sala ya kimya.

"Behor," Rahamim alisema mbele ya kadamnasi, "huku haiko hoteli. Ukisikia usingizi, baki kwako. Kitanda yako inakungoja."

"Nilifunga macho juu ya kufikiri," Behor alijitetea.

"Basi mafikiri yako iko na sauti mubaya."

Watu walicheka. Behor alivaa koti lake, akaenda zake, na asirudi.

Akafuata Vitali, fundi saa mstaafu, mtu wa polepole kupindukia. Ukimsalimu asubuhi, alikujibu umeshafika kona. Katika sala, wenzake walipoitikia "amina", yeye aliitikia wakati wameshageuza ukurasa.

"Vitali," Rahamim alimwambia, "amina yako inatembea na miguu? Leo umeitika ya jana. Ya leo tuingoje, ao tuitafutie taksi?"

Vitali hakujibu kitu. Alijibu wiki iliyofuata, kwa kutokuja.

Wa tatu alikuwa Noé, muuguzi katika hospitali moja kule Woluwe, na ndiye kijana pekee wa chumba kile. Baba yake alikuwa Myahudi wa Likasi, mama yake Mkongomani wa hukohuko. Kwa sheria yao dini hufuata mama, kwa hiyo Noé alisoma miaka, akasimama mbele ya baraza la marabi, akazama katika maji ya kuogea ya ibada, akatoka Myahudi kamili asiyepungua hata ukucha. Na sheria inakataza vikali kumkumbusha mtu wa namna hiyo alikotoka. Rahamim hakumkumbusha kwa maneno. Alipokuwa akihesabu, alimruka tu, akamaliza wengine, kisha kama neno moja la aya lilibaki, alirudi kwake.

"Usikasirike, mutoto," alimwambia huku akitabasamu. "Weye uko roue ya secours. Gari nzuri haiwezi kukosa gurudumu la akiba."

Wazee walicheka, na Noé naye akacheka. Mwezi uliofuata alicheka kidogo. Mwezi uliofuata tena hakucheka. Kisha jioni moja, aliporukwa kama kawaida, aliuliza kwa upole, "Papa Rahamim, ile gurudumu ya akiba inakaa wapi?"

"Kwa nyuma, ndani ya gari."

"Bon. Basi miye nashuka." Akafunga kitabu chake, akakibusu, akakiweka rafuni, akatoka.

Usiku ule mkewe Rahamim, Maman Antoinette, alimwonya wakiwa mezani. "Unafukuza bantu kama nzi. Siku moja utasali na viti."

"Viti haikoromi," Rahamim alijibu, akaongeza chumvi kwenye supu.

Miaka nayo ilifanya kazi yake. Wengine walifariki, wengine walihamia kwa watoto wao. Mwishowe walibaki wazee sita tu wasiokosa, na sababu ya kutokosa kwao ilijulikana: wote sita walikuwa wazito wa kusikia. Rahamim alikuwa amewatukana kama wengine, ila hawakupata habari.

Sasa basi, kila mwaka mwanzoni mwa majira ya baridi ilifika siku ya kumkumbuka mama yake, Mama Estrea, mjane aliyewalea watoto wake kwa kushona nguo za harusi za watu wengine. Alipokuwa anakata roho alimshika mwanawe kifundo cha mkono, akamwambia, "Usiniache bila amina." Rahamim hakuwahi kumwacha. Hata mwaka aliopasuliwa tumbo, alikusanya wanaume kumi wodini, wawili kati yao wakiwa wametundikiwa chupa za maji. Mtu huyu, ambaye ulimi wake haukumhurumia mtu, alikuwa akimlilia mama yake siku hiyo kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Siku kwao huanza jua linapozama. Jioni hiyo Rahamim alifungua mlango, akawasha kipasha joto, wakaja wale sita. Pamoja naye, saba. Alfajiri tena, saba. Alipiga simu huku na huko, lakini nchi nzima ilikuwa katika mgomo: tramu zimelala, metro imefungwa, na barabara zimejaa magari pomoni. Angeweza kwenda nyumba nyingine za sala mjini, ila wasimamizi wake wote alishagombana nao. Ikabaki sala ya alasiri peke yake. Jua likizama kabla kumi hawajatimia, Mama Estrea angekosa amina kwa mara ya kwanza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Baada ya chakula cha mchana Rahamim alisimama kando ya barabara nje ya mlango, akawa anawazuia wanaume wapitao kwa miguu.

"Samahani, monsieur, weye uko Muyahudi? Hata kidogo?"

Mmoja wa waliosimamishwa alikuwa Padri Wim, mmisionari mstaafu aliyefundisha miaka mingi kule Kalemie, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kanzu yake.

"Ndugu Rahamim," padri alisema, "Bwana wangu angehesabiwa bila shaka. Mimi, kwa masikitiko, sihesabiwi."

"Hauna bibi ao nyanya alikuwaka Muyahudi?"

"Nyanya yangu alifuga nguruwe, na aliwapenda." Padri alimpa pole, akaendelea na safari yake.

Jirani wa mlango wa pili, Jaffari, Mtanzania aliyeuza dagaa, unga wa muhogo na kadi za simu, alikuwa akiyatazama hayo yote kutoka dirishani. Mwishowe alitoka, mikono ikiwa mfukoni.

"Mzee, shikamoo. Unatafuta nini hasa?"

"Marahaba. Natafuta bantu tatu. Bila dix hatusali."

"Mimi ni mwanamume, mtu mzima, nimetahiriwa, na nasali kila siku. Napungukiwa nini?"

"Unapungukiwa kuwa Muyahudi."

"Hilo siwezi kulitengeneza kwa alasiri moja," Jaffari alikubali. "Lakini shukuru Mungu, mzee wangu. Nyinyi mnataka kumi tu. Kwetu Tanga mashekhe walituambia Ijumaa haitimii bila arobaini."

Rahamim alimtazama mtu huyo kwa heshima mpya. Arobaini. Akafikiria ni watu wangapi angekuwa ameshawatukana.

"Na hao watatu hawapo kabisa hapa mjini?" Jaffari aliuliza.

"Bapo," Rahamim alisema, na sauti ikashuka. "Shida ni kwamba nilibafukuza."

Maman Antoinette alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao. "Miye niko na miguu mbili, masikio mbili, na kila sala naijua kwa kichwa," alisema. "Lakini munasema miye sihesabiwe. Bon. Basi nitakulindia bale unahesabu. Weye ingia mu gari ya Papa Jaffari, enda ukaombe musamaha. Na usiombe na simu. Matusi ulibapa kwa mudomo, mbele ya bantu."

"Antoinette, na heshima yangu?"

"Heshima yako haiko Muyahudi muzima. Haitahesabiwa."

Alisema hivyo akaburuta kiti, akakaa katikati ya mlango na sinia la sambusa za jibini mapajani, akawatangazia wale wazee sita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mfereji wa meli unaopita mjini kwamba hakuna atakayetoka. Mwenye haja ya choo, choo kimo humohumo ndani.

Gari la Jaffari lilikuwa kigari cha mizigo chenye viti vitatu mbele, na nyuma maboksi ya dagaa. Kwa Behor hapakuwa mbali. Alifungua mlango akiwa amevaa pajama mchana kweupe.

"Behor," Rahamim alianza, "leo ni siku ya mama."

"Najua. Mama yako alinipakia mikate siagi mpaka nikamaliza shule. Lakini miye nasikia usingizi. Uliniambia nikisikia usingizi nibaki kwangu."

"Nilikosa. Kuya."

"Nikilala?"

 Wanachuoni wao wamebishana karne na karne kama mtu aliyelala anahesabiwa katika kumi, na Rahamim siku zote alikuwa upande wa wakali. "Lala, ndugu yangu," alisema. "Lakini ulale kwetu."

Behor alivaa koti juu ya pajama. Kabla hawajamaliza mtaa, kidevu kilikuwa kifuani na pikipiki inawaka.

Vitali alikaa karibu na Porte de Namur, juu ya saluni ya kusuka nywele, orofa ya juu kabisa, na lifti ilikuwa mbovu. Rahamim alipanda akihema kama kiberenge. Vitali alifungua mlango, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho: habari ya amina, habari ya taksi, habari ya kwamba mtu akizeeka ulimi ndio unaobaki na nguvu. Kisha akamkazia macho bila kusema neno.

Rahamim alingoja. Alisikia mashine za kukaushia nywele zikivuma chini. Alingoja tena. Mwishowe akainamisha kichwa. "Sawa, Vitali. Ni haki yako." Akageuka, akashuka orofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipokuwa ameshika kitasa cha mlango wa barabarani, sauti ikateremka kutoka juu, tulivu, bila haraka:

"Nimekusamehe. Ngoja nivae viatu."

Kuvaa viatu peke yake kulitosha kumtia Jaffari wazimu. Aliegesha mahali pasiporuhusiwa, na alishamweleza askari mmoja kwamba amebeba watu wanaokwenda kusali. Askari alipochungulia akamwona Behor anakoroma ndani ya pajama, aliuliza kama ni msiba. "Bado," Jaffari alimjibu.

Vitali alipokaa mbele, Rahamim ilimbidi kuingia nyuma kwenye dagaa.

"Wa tatu yuko wapi?" Jaffari aliuliza.

Hapo Rahamim aliona aibu iliyomfika mpaka kwenye nyayo. Alikuwa na namba ya simu ya kila mtu aliyewahi kukanyaga nyumba ile ya sala, pamoja na marehemu. Ya Noé hakuwa nayo. Hakuwahi kumwomba.

"Noé muuguzi?" Jaffari alisema. "Huyo ni mteja wangu. Kila mwisho wa mwezi anamtumia mama yake hela dukani kwangu. Nampigia." Akaongea kidogo, akakata. "Zamu yake imekwisha, yuko langoni mwa hospitali. Hana metro. Anataka kutembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nimemwambia asubiri, kuna mtu anamtafuta."

"Umemwambia ni nani?"

"La. Nilitaka asubiri."

Njia nzima ya Woluwe Rahamim alifanya mazoezi ya hotuba ya Kifaransa, yenye vitenzi vya adabu na mkono kifuani. Lakini mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akamwona Noé amesimama kwenye manyunyu na mkoba begani, Kifaransa chote kikamkimbia. Ndiyo yaleyale ya mikono mifupi.

"Noé, miye nilikosa," alisema.

Noé alimwangalia mzee yule aliyepiga magoti katikati ya maboksi ya samaki. "Papa Rahamim. Unanitafuta miye, ao unatafuta dix?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Rahamim aliutazama, akautema. "Natafuta dix," alisema. "Ni siku ya mama yangu, siwezi kudanganya ndani yake. Asubui kama ningepata mwingine, singefika hapa. Lakini dix haiko bila weye. Na vile nilikuwa nakuruka, Mungu aliona, na mama yangu aliona. Ukikatala, nitaenda kumwambia ni miye nilimufungia mulango."

Mvua ilinyesha. Mbele, Behor alikoroma.

"Angalau hausemi uongo," Noé alisema. Akatupa mkoba ndani.

"Ukae mbele, Noé. Miye na Vitali tutakaa huku."

"Wacha, papa. Mpaka Vitali ashuke, jua litakuwa limezama mara mbili."

Wakaketi wote wawili nyuma, gizani. Kila gari lilipozunguka kona, mmoja alimwangukia mwenzake, na boksi la dagaa likawaangukia wote. Kwenye mzunguko mmoja Noé alimdaka mzee ukosi wa koti asigonge kichwa, na hakumwachia tena mpaka wakafika Laeken.

Walipofika, anga juu ya mapaa lilikuwa limebaki na ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa. Maman Antoinette aliinua pua. "Mumetoka wapi, Tanganyika?" Lakini alikuwa ameshasogeza kiti, na wale sita walikuwa ndani, wameshiba sambusa.

Rahamim alisimama katikati ya chumba, akaanza kuhesabu. Siku zote neno la kwanza la aya alijipa mwenyewe, ndipo akawagawia wengine. Safari hii, kwa heshima, alianza na Noé. Akampa Vitali la pili, akampa Behor la tatu, akaendelea na wale sita mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza, neno moja lilibaki ulimini.

Uso ulimsawajika. "Hatutimii," alinong'ona.

Alirudia. Neno likabaki. Mzee mmoja kati ya wale sita aliuliza kuna nini, mwenzake akamjibu kwamba leo ni Alhamisi. Dirishani ukanda wa chungwa ulizidi kuwa mwembamba. Rahamim alishika ukingo wa meza, akawaangalia watu aliowabembeleza mji mzima, na machozi yakaanza kumtoka. Alikuwa ameshusha kiburi chote alichokuwa nacho, na bado haikutosha.

Jaffari alikuwa mlangoni, ameshika kofia ambayo Behor aliisahau garini. Alinyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu," alianza.

Chumba kizima kilishtuka. Vitali alifunika kichwa. "Hatuhesabu bantu vile," Noé alimwambia.

"Nyinyi ndio hamhesabu. Mimi nahesabu. Saba, nane, tisa." Kidole kikasimama kifuani mwa Rahamim. "Kumi. Mzee, umegawa maneno kwa kila mtu, wewe mwenyewe hukujipa."

Behor, ambaye kwa muujiza alikuwa macho, alianza kucheka, na kicheko kikawaambukiza hata wale ambao hawakusikia sababu. Rahamim alijipangusa uso kwa mkono unaonuka dagaa. Hakuna aliyempa muda wa kuona haya. Sala ilianza mbio mbio, na kabla giza halijafunga alisimama, akamsomea mama yake Kadishi, sauti ikikatika na kuunga, na amina zikamjia kutoka vinywa tisa, kila moja kwa wakati wake.

Walipokuwa wakivaa makoti, Noé alibaki nyuma akipanga vitabu.

"Papa," alisema bila kugeuka, "mwezi wa tatu ni siku ya baba yangu. Alikufwa kule Likasi. Sijamusomea hata mwaka moja."

Rahamim alisimama, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, mwingine nje. "Miaka ile yote ulikuwa hapa na sisi. Juu ya nini haukusema?"

"Ningesimama mbele ya nani kuomba dix? Na miye mwenyewe sikujua kama nahesabiwa."

Mzee alichomoa mkono kwenye koti, akakaa.  

"Jina lake nani, baba yako?"

"Eliya."

"Eliya," Rahamim alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha kwao. Kisha akawageukia wale waliokuwa mlangoni, akasema kwa sauti ambayo hata wale sita waliisikia, "Mwezi wa tatu ni siku ya Eliya wa Likasi, baba ya Noé. Muntu asikose. Behor, utakuya na pajama yako. Vitali, weye uanze kuvaa viatu mwezi wa pili."

Vitali alifikiri. Walikuwa wameshazima taa aliposema kwamba atakuwepo.

Machi ilipofika hawakuwa kumi tu, walikuwa kumi na wanne, kwa kuwa Rahamim alizunguka mwenyewe mji mzima, akapanda ngazi za watu wengine wanne aliokuwa amewafukuza, na kila mlango aliubisha kwa jina la baba wa mtu aliyekuwa akimruka. Noé alisimama akamsomea baba yake, na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa msimamizi. Kwani Rahamim alikuwa amejua, kwa kuchelewa lakini kwa hakika, kwamba kila anayeingia mlango ule leo amekuja kumfaa mtu, na kesho yeye ndiye atakayetaka kufaliwa: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.